Insulini Ikikosekana Dukani, Tufanye Nini?

Katika darasa letu moja la kisomo yupo mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 12. Mtoto huyo ana ugonjwa wa kisukari. Kila siku huchomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Mwaka juzi, wakati wa masika, mama huyo alipanda basi alfajiri kwenda mjini kununua insulini. Alipofika dukani alijibiwa neno moja tu: "Imekwisha." Akauliza itakuja lini. Akaambiwa labda wiki ijayo. Akarudi kijijini mikono mitupu.

Nyumbani dawa ilikuwa imebaki kidogo chini ya kichupa. Mama akafanya kama tunavyofanya sote unga unapopungua. Akaanza kupima kidogo kidogo ili ifike wiki ijayo. Alimpa mtoto nusu ya kipimo chake kwa siku tatu, kisha dawa ikaisha kabisa. Kesho yake mtoto akawa anakunywa maji bila kutosheka, na kila mara anatoka kwenda kukojoa. Usiku akatapika. Kulipokucha alikuwa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Majirani wakasema ni malaria. Mmoja akasema eti ni jicho baya. Kwa bahati alikuwapo kijana mwenye pikipiki, wakamkimbiza hospitali ya wilaya. Alilazwa siku 6 akapona.

Habari hii tunaitoa kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Alituambia: "Andikeni tu. Dukani pale siendi peke yangu."

INSULINI NI KITU GANI?

Tukila ugali, wali, viazi au ndizi, tumbo husaga chakula hicho na kukigeuza kuwa sukari. Sukari hiyo huingia katika damu. Kutoka kwenye damu inatakiwa iingie katika nyama ya mwili, ili itupe nguvu za kulima na kutembea. Lakini haiwezi kuingia bila kufunguliwa mlango. Insulini ndiyo inayofungua mlango. Inatengenezwa mwilini na kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo.

Fikirini ghala lililojaa mahindi, lakini ufunguo umepotea. Mahindi yapo, na watoto wanalala na njaa. Mgonjwa wa kisukari asiyekuwa na insulini ndivyo alivyo. Sukari imejaa katika damu mpaka inamwagika kwenye mkojo, na mwili una njaa. Mwili ukiwa na njaa hivyo huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe ili upate nguvu. Mafuta hayo yakiyeyuka mengi kwa haraka huleta sumu aina ya asidi katika damu. Ile pumzi ya nguvu aliyokuwa nayo mtoto ni mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo. Halikuwa jicho baya.

Sasa, kisukari kina aina mbili kubwa, na ni lazima kila mgonjwa ajue yake ni ipi. Aina ya kwanza mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kongosho limeacha kabisa au karibu kabisa kutengeneza insulini. Mgonjwa huyu anaishi kwa insulini ya sindano. Akiikosa kwa siku moja au mbili tu anaweza kuwa katika hatari ya kufa. Aina ya pili huwapata zaidi watu wazima. Mwili wao bado unatengeneza insulini, ila haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Wengi wao hutumia vidonge, na baadhi huhitaji sindano pia.

Wako watu wanaouliza: kwa nini isitengenezwe insulini ya kumeza, tukaepuka sindano na friji? Jibu ni kwamba insulini ni protini, kama nyama na maharage. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga maharage. Na vile vidonge vya kisukari ambavyo babu na bibi wanavimeza havina insulini ndani yake. Kwa hiyo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuokolewa kwa vidonge vya bibi yake. Wala majani na mizizi haiwezi kushika nafasi ya insulini. Tunalisema hili wazi kwa sababu dawa inapokosekana dukani, ndipo wauzaji wa mizizi wanapogonga hodi.

Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na njia. Alikonda, akafa. Mwaka 1921 huko Toronto, nchini Kanada, daktari Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best walifanikiwa kuipata insulini kutoka katika kongosho la mbwa. Januari 1922 alichomwa mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, na hali yake ikawa nzuri. Haki ya ugunduzi wao waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, maana walitaka dawa hiyo iwafikie watu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sisi bado tunaambiwa "imekwisha". Kwa nini?

KWA NINI INAKWISHA?

Sababu ziko nyingi. Ya kwanza iko mbali sana na kijiji chetu. Makampuni makubwa 3 ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa sana ya insulini yote ya dunia. Kampuni moja ikibadili mipango yake, nchi nyingi hutikisika. Sababu ya pili ni safari. Insulini husafiri katika baridi kutoka kiwandani, kwa ndege au meli, kwa gari, mpaka kwenye friji ya hospitali. Umeme ukikatika mahali pamoja, au gari likikwama, mzigo unaweza kuharibika. Maduka mengi ya vijijini hayana friji ya kuaminika, kwa hiyo hayathubutu kuiweka. Hapa Tanzania yako maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Yamewasaidia sana watu wa vijijini, lakini yanaruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu tu, na kwa kawaida insulini huipati hapo. Usimalize nauli yako kuzunguka huko. Itafute hospitalini na katika famasi kubwa.

Sababu ya tatu ndiyo tunayotaka tuiangalie zaidi, kwa sababu hii iko mikononi mwetu.

Hospitali inapoagiza dawa hutazama daftari. Huangalia: miezi iliyopita tulitoa vichupa vingapi? Wagonjwa wetu ni wangapi? Kwa hesabu hiyo huandika maombi, nayo maombi huenda Bohari ya Dawa. Sasa chukueni mfano. Hospitali ilikuwa na vichupa 20, vikaisha katikati ya mwezi. Wakaja wagonjwa wengine 15, wakaambiwa hakuna, wakaondoka bila kuandikwa. Baadaye mtu akisoma daftari ataona vichupa 20 tu vilitumika. Asipokuwa mwangalifu ataagiza 20 tena. Wale 15 waliorudi nyumbani mikono mitupu hawaonekani popote. Ni kama hawakuja.

Kwa hiyo, ndugu, ukiambiwa dawa imekwisha, usigeuke tu ukaondoka. Sema kwa adabu: "Naomba daktari uniandike kwamba nimekuja na sikupata." Mwombe aandike na aina ya insulini unayotumia na vichupa unavyohitaji kwa mwezi. Ujiandikishe katika kliniki ya kisukari ya hospitali moja, na usiwe mtu wa kuhamahama. Sisi watu wa kisomo tumezoea kuhimiza wenzetu wajifunze kuandika majina yao. Hapa jina lako katika daftari la kliniki linaweza kuwa ndilo kichupa chako cha mwezi ujao.

SOMA KICHUPA CHAKO

Yule mama tuliyeanza naye alikuwa akifika dukani na kusema: "Nipe sindano ya sukari." Siku moja, baada ya mtoto kupona, aliuziwa kichupa. Kabla ya kulipa akakitazama, akaona jina halifanani na lile la kichupa cha zamani alichokuwa nacho mkobani. Ilikuwa insulini ya kufanya kazi haraka, na mtoto wake hutumia ya mchanganyiko. Ingechomwa kwa kipimo kile kile, sukari ya mtoto ingeweza kushuka ghafla. Mama alikuwa na miezi 8 tu darasani.

Basi kichukue kichupa chako, ukae mahali penye mwanga, usome. Kwanza jina. Liandike katika daftari, herufi kwa herufi, na kama limefuatwa na namba kama 30 au 70/30 iandike pia. Insulini ziko za aina nyingi. Iko inayofanya kazi haraka kwa saa chache, nayo ni angavu kama maji. Iko inayofanya kazi polepole, nayo ina rangi kama maji ya mchele. Iko ya mchanganyiko wa hizo mbili, nayo pia ina rangi hiyo. Lakini ziko mpya nyingine za kufanya kazi siku nzima ambazo nazo ni angavu. Kwa hiyo macho peke yake yanaweza kukudanganya. Soma jina.

Pili, soma nguvu yake. Vichupa vingi tunavyopata vimeandikwa 100 IU/ml. Maana yake kila mililita moja ina yuniti 100. Bomba la sindano nalo liwe la insulini, tena la yuniti 100. Katika nchi nyingine, kama India, bado kuna insulini ya yuniti 40 na mabomba yake. Ukitumia bomba la 40 kuvuta dawa ya 100, utakuwa umechoma dawa mara mbili na nusu ya kipimo chako. Huko ni kumwua mtu. Mabomba ya insulini yakikosekana, usichukue bomba la kawaida ukakadiria kwa jicho. Nenda zahanati uonyeshwe.

Tatu, tafuta herufi EXP. Hapo pameandikwa mwezi na mwaka wa dawa kumalizika muda wake. Kisha tazama dawa yenyewe. Ile ya angavu ikiwa imefanya ukungu, imeharibika. Ile ya maji ya mchele, ukiiviringisha polepole katika viganja na bado ina mabonge au vipande vilivyoganda ukutani, imeharibika. Na yoyote iliyowahi kuganda kwa barafu haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri.

HESABU KIDOGO

Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 10 x 100, yaani 1,000. Mtu mzima anayetumia yuniti 40 kwa siku atakimaliza kwa siku 25, maana 1,000 ukigawa kwa 40 ni 25. Toa siku moja au mbili kwa matone yanayopotea wakati wa kuvuta.

Mtoto wa yule mama hutumia yuniti 14 asubuhi na 10 jioni, jumla 24. Kichupa kingeweza kufika siku 41. Lakini kichupa kikishafunguliwa, kwa kawaida kinatakiwa kitumike kwa muda wa wiki 4 hivi. Karatasi iliyo ndani ya boksi itakuambia muda kamili wa aina yako. Kwa hiyo siku ya kufungua, andika tarehe juu ya kichupa kwa kalamu. Kama wiki 4 zimepita na dukani hakuna kingine, usikitupe kabla hujaongea na kliniki.

Ukishajua siku kitakapokwisha, rudi nyuma wiki 2. Hiyo ndiyo siku yako ya kuanza kutafuta. Piga simu hospitali, piga simu famasi mbili au tatu za mjini, uulize jina kamili ulilolisoma. Simu ya dakika mbili ni rahisi kuliko nauli ya kwenda na kurudi bure. Ukijaliwa fedha, uwe na kichupa kimoja cha akiba kisichofunguliwa. Kimoja kinatosha. Tukianza kufungia vichupa kumi kumi nyumbani, tutawanyima wenzetu, navyo vitaharibika kwa joto.

CHUNGU KINAWEZA KUWA FRIJI

Wengine huacha kuweka akiba kwa kuwa hawana friji. Hapa tuna habari njema. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hili katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, kwenye joto kali. Mwaka 2021 walitangaza matokeo: insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Hii haina maana kwamba uiache juani au juu ya bati. Ina maana kwamba mtu asiyekuwa na friji anaweza kutibiwa nyumbani kwake.

Tena tunaweza kupunguza joto kwa chungu. Mnajua wenyewe kwamba maji ya mtungini ni baridi hata mchana wa kiangazi. Maji hupenya kwenye udongo wa mtungi, hewa huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitumia maarifa hayo miaka ya 1990 kuwasaidia wakulima kutunza mboga. Chukua chungu kikubwa, weka mchanga chini. Ingiza chungu kidogo ndani yake. Jaza mchanga katika nafasi iliyo kati ya vyungu viwili, umwagie maji asubuhi na jioni. Kichupa kitie katika kopo kavu lenye mfuniko, kopo liingie chungu cha ndani, kisha funika kwa kitambaa kilicholowa. Weka kivulini penye upepo, mbali na watoto na mbuzi. Chungu hiki hufanya kazi vizuri zaidi mahali pakavu, kama Dodoma, Singida na Shinyanga. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, baridi yake ni kidogo, lakini bado ni afadhali kuliko kabatini.

Kichupa cha akiba, ambacho hakijafunguliwa, mahali pake hasa ni friji. Kama zahanati yenu ina friji, ombeni kama wanaweza kuwatunzia. Wengine hukubali, wengine hawakubali, na tusigombane nao maana friji ya chanjo ina masharti yake.

SIKU YA "IMEKWISHA"

Tuseme umefanya yote hayo na bado umekosa. Inatokea. Kama una kisukari cha aina ya kwanza, au unamtunza mtoto mwenye nacho, usingoje wiki ijayo. Usijipunguzie kipimo mwenyewe kama alivyofanya mama yetu. Wala usiache kabisa ukisema utaanza tena itakapopatikana, kwa maana hata kidogo kilichobaki ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, na kichupa chako cha zamani mkononi. Daktari anaweza kukupa aina nyingine iliyopo, lakini yeye ndiye atakayekupangia kipimo kipya na saa za kuchoma. Usibadili aina kwa ushauri wa jirani, hata kama jirani naye ni mgonjwa wa siku nyingi.

Ukibadilishiwa aina, wiki ile ya kwanza uwe macho. Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akisikia njaa ya ghafla au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Mpe haraka maji yenye sukari nyingi, soda au asali, kisha ale. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu mkimbie hospitali.

Upande wa pili ndio ule wa mtoto wetu: kiu kali, mkojo mwingi, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, pumzi ndefu ya nguvu yenye harufu kama matunda yaliyoiva sana, na usingizi usio wa kawaida. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo, si ya asubuhi. Kama anaweza kumeza, anywe maji njiani. Na mgonjwa wa aina ya kwanza akikosa hamu ya kula kwa sababu ya homa, bado anahitaji insulini. Wengi hukosea hapo wakidhani asiyekula hahitaji dawa.

Kuazimana kichupa kisichofunguliwa, cha jina lile lile na nguvu ile ile, kunaweza kuokoa mtu usiku mmoja. Kuazimana bomba la sindano, hapana kabisa, hata ndugu wa tumbo moja. UKIMWI na homa ya ini hupita hapo. Na usinunue insulini mnadani kwa mtu aliyeibeba kwenye begi. Hujui imepigwa jua siku ngapi.

Katika kata yetu wagonjwa 7 wameandika majina yao katika daftari moja, kila mmoja na aina yake ya insulini na tarehe kichupa chake kitakapokwisha. Wanachanga nauli, na mmoja wao huenda mjini kwa niaba ya wote akiwa na vyeti vyao vya daktari. Hurudi na vichupa katika chupa pana ya chai yenye barafu kidogo iliyofungwa kwa kitambaa, ili isigusane na dawa. Daftari hilo walimpelekea pia mganga mkuu wa wilaya, wakamwambia: sisi ni 7 na mahitaji yetu ni haya. Alilisoma mbele yao, akanakili idadi. Tangu hapo wamekosa dawa mara moja, nao walikuwa wameshajua siku 10 kabla.

Mwezi uliopita tulimtembelea yule mama. Ukutani, karibu na mlango, ametundika kalenda. Mtoto wake ndiye aliyetuonyesha tarehe 9, iliyozungushiwa duara la kalamu nyekundu. Tukauliza kuna nini siku hiyo.

"Siku ya kupiga simu," akasema.